Dawa za nguvu za kiume: kutoka chumba cha daktari hadi chumba cha kulala

Anayeumwa na jino hulitaja jino kabla hajamaliza salamu. Mwenye shida ya nguvu za kiume ana utaratibu wake. Husubiri wateja wote waondoke, huuliza bei ya panadol, husoma tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani kana kwamba kesho atalifanyia mtihani, kisha huinama kwenye kidirisha na kunong'ona: "Ile dawa yetu wanaume, mnayo?" Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya kidirisha hicho, hapa Pemba, na haya ni yale ambayo ningependa kumweleza kila mmoja wao kama foleni ingeniruhusu.

Aibu yenyewe siilaumu. Kwenye mji ambao muuza dawa ni mtoto wa jirani na aliyesimama nyuma yako ni shemeji, mtu ana haki ya kunong'ona. Wafiche watu wa barazani, wafiche wenzako wa kazini, hayo ni yako. Lakini wapo watu wawili wasiofaa kufichwa: daktari wako na mkeo. Dawa hizi, kwa mtu aliyepimwa na kuandikiwa, ni salama kuliko sifa zake za mitaani. Maafa ninayoyaogopa mimi karibu yote yanaanzia kwenye siri.

Dawa zenyewe ni zipi

Nazungumzia jamii moja ya dawa: sildenafil, tadalafil na vardenafil. Sildenafil ndiyo iliyotangulia kwa jina la biashara la Viagra. Watafiti walikuwa wakiijaribu kwa maumivu ya kifua yanayotokana na moyo, wakagundua inafanya kazi pengine kabisa, na mwaka 1998 Marekani ikaruhusu itumike kwa nguvu za kiume. Tadalafil, yenye jina la Cialis, ilikuja miaka michache baadaye. Leo viwanda vingi vinazitengeneza kwa majina mengine chungu nzima, kwa hiyo usishike jina la pakiti. Shika jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Mwanamume akiingiwa na hamu, mwili hutoa kemikali inayoilegeza mishipa ya uume, damu ikaingia na kukaa. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja kemikali hiyo, na dawa hizi hukizuia. Ndiyo maana bila hamu hakuna kitakachotokea: ukimeza ukakaa kutazama mpira, utamaliza mpira. Kidonge hakileti matamanio, hakiongezi ukubwa, hakizuii mimba wala maradhi ya zinaa.

Hatua ya 1: pima kabla hujameza

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo. Mafuta na sukari vikianza kuiharibu mishipa ya mwili, ile myembamba huonesha dalili mapema. Jogoo asiyepanda mtungi basi huenda akawa ndiye wa kwanza kuwika kwamba moyo una matatizo, wakati mwingine miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Mwanamume wa miaka 50 aliyeanza kushindwa polepole, akakimbilia kidonge bila kupima presha wala sukari, amezima kengele akaacha moto.

Kwa hiyo nenda kapime presha, sukari, na mafuta ya damu. Kama hamu yenyewe imepotea, daktari anaweza kutaka kipimo cha homoni ya testosterone, ambacho damu yake hutolewa asubuhi. Hapa Pemba unaweza kwenda Abdalla Mzee Mkoani, Chake Chake, Wete au Micheweni. Unguja kuna Mnazi Mmoja na hospitali za wilaya. Ukiona haya kwenda ya kwenu, panda gari uende ya mji mwingine. Mtu wa Wete kutibiwa Mkoani si ajabu. Mpokezi huna haja ya kumweleza chochote. Mwambie una shida ya faragha na ungependa kuonana na daktari mwanamume, basi.

Ukishaingia ndani, sema mambo yatakayomsaidia. Imeanza lini? Ghafla au kidogo kidogo? Asubuhi unaamka uume ukiwa umesimama? Kama asubuhi mambo ni mazuri na usiku yanagoma, mara nyingi tatizo liko kwenye mawazo: deni, ugomvi wa nyumbani, msiba, hofu ya kushindwa tena kama juzi. Kidonge kinaweza kusaidia hapo pia, lakini dawa ya deni ni nyingine.

Taja pia sigara. Na taja dawa unazotumia, maana baadhi yake ndizo zinazoleta shida hii: vidonge vya kukojoza vya presha kama hydrochlorothiazide na bendroflumethiazide, atenolol, propranolol, na dawa kadhaa za sonona. Usiziache mwenyewe. Presha iliyoachwa bila dawa itakuharibia nguvu hizo hizo, halafu ikuletee kiharusi juu yake. Mwombe daktari aangalie kama kuna ya kubadilishia.

Swali jingine atakalouliza ni kama moyo wako unahimili tendo la ndoa lenyewe, kwa sababu ni kazi kama kazi nyingine. Kipimo cha kawaida ni hiki: unaweza kutembea maili moja ya tambarare kwa dakika 20, kisha ukapanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala pumzi kukatika? Mkaazi wa majumba ya Michenzani anajua jibu lake kila anaporudi kutoka sokoni. Kama jibu ni hapana, moyo kwanza. Aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miezi 6 iliyopita asubiri mpaka daktari wa moyo amruhusu. Vivyo hivyo ambaye presha yake iko chini ya 90 kwa 50, au juu ya 170 kwa 110.

Hatua ya 2: toa dawa zako zote mezani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapofia.

Mzee mmoja aliniletea cheti cha sildenafil. Nikamwuliza, "Ami, unatumia dawa gani nyingine?"

"Ya presha tu, mwanangu."

"Umekuja nayo?"

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya meza. Amlodipine. Aspirini ndogo. Na kichupa cha vidonge vyeupe vidogo mno, vimebaki kama kumi.

"Na hivi, ami?"

"Hivyo si dawa ya kula. Hivyo naweka chini ya ulimi kifua kikinibana. Mara moja moja tu, mwezi mzima naweza nisiviguse."

Hakuwa amedanganya. Kwake yeye dawa ni ile inayoliwa kila siku, na ile ya mara moja moja haikuwemo kwenye hesabu, kwa hiyo hata daktari aliyemwandikia hakuambiwa. Ile ilikuwa nitrati. Nilimrudishia cheti, nikamwandikia jina la dawa ile kwenye karatasi akamwoneshe daktari, na sildenafil ikabaki kabatini.

Nitrati ni dawa za kutanua mishipa ya moyo. Kwenye pakiti utaona maneno haya: glyceryl trinitrate, nitroglycerin, isosorbide dinitrate, isosorbide mononitrate. Zipo za chini ya ulimi, za kumeza, na za kubandika kwenye ngozi. Nitrati na dawa za nguvu za kiume zinapita njia moja mwilini, kila moja ikiiongezea nguvu nyenzake. Zikikutana, presha huporomoka ghafla kiasi cha mtu kuzimia, moyo kukosa damu, na kufa. Hakuna dozi ndogo iliyo salama. Hakuna "ile nimeweka asubuhi na hii ni usiku". Mwenye nitrati nyumbani, hata kama hajaifungua mwaka huu, hatumii sildenafil wala ndugu zake mpaka daktari apange upya matibabu yake yote.

Na kinyume chake ni vile vile. Ukishameza sildenafil, nitrati ni haramu kwako kwa saa 24 kwa uchache. Kwa tadalafil ni saa 48. Tuseme umemeza tadalafil Alhamisi usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa ambao wengi ndio wanaoupangia. Kifua kikikubana Jumamosi mchana, dawa bado imo mwilini, na daktari wa zamu lazima alijue hilo kabla hajakufungua mdomo.

Vile vichupa vya kunusa vinavyozunguka kwenye baadhi ya kumbi za starehe ni ndugu wa nitrati, na hatari yake ni hiyo hiyo. Kadhalika riociguat, dawa ya presha ya mapafu, haichanganywi na hizi.

Zilizobaki zinahitaji tahadhari zaidi kuliko katazo. Tamsulosin, doxazosin na prazosin, ambazo wazee wengi hupewa kwa tezi dume au presha, nazo hushusha presha. Daktari akiridhika kwamba umeshazizoea, atakuanzishia dozi ndogo ya kidonge cha nguvu. Dawa za antibaiotiki clarithromycin na erythromycin, na za fangasi ketoconazole na itraconazole, hulizuia ini kuitoa sildenafil, ikabaki nyingi damuni kama uliyemeza mara mbili. Balungi hufanya jambo la namna hiyo kwa kiasi chake, kwa hiyo siku hiyo kula chungwa. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: huitoa dawa upesi, ukaona haifanyi kazi.

Anayetumia dawa za VVU asione haya kusema. Kama mchanganyiko wake una ritonavir, sildenafil isizidi miligramu 25 kwa saa 48, na kuvuka hapo ni kujitafutia kuzimia. Dolutegravir, ambayo wengi wanatumia sasa, haina mgogoro huu. Kliniki inayokupa dawa zako inajua kutunza siri kuliko rafiki yako yeyote.

Mwenye seli mundu naye amwambie daktari mapema, kwa sababu hatari ya uume kusimama bila kulala kwake ni kubwa zaidi. Nitalirudia hilo hapo chini.

Hatua ya 3: dozi

Sildenafil kwa kawaida huanza na miligramu 50. Aliyevuka miaka 65, au mwenye ini au figo dhaifu, huanza na 25. Daktari anaweza kupandisha hadi 100, na hapo ndio mwisho. Tadalafil ya wakati wa haja huanza na 10, mwisho 20. Ipo pia ya kila siku ya miligramu 2.5 au 5, inayomezwa saa ile ile kila siku hata kama hakuna safari. Vardenafil huanza na 10. Zote, ukiacha masharti ya pekee kama yale ya ritonavir, ni mara moja tu kwa saa 24, na mbili tofauti hazichanganywi.

Tatizo ninaloliona ni kwamba kinachozunguka zaidi mitaani ni kile cha 100, kwa imani kwamba kikubwa ndicho dawa. Mtu wa mara ya kwanza humeza mia nzima, usiku akapasuka kichwa, uso ukamwaka kama aliyekaa juani Kojani tangu alfajiri, akaapa harudii. Angeanza na nusu asingepata tabu hiyo. Kama huna budi kukata kidonge, lete tukukatie kwa kikatio. Wembe wa nyumbani hukupa theluthi leo na theluthi mbili kesho.

Ipi kati ya mbili? Sildenafil hufanya kazi kwa saa 4 hadi 5, inamfaa mtu anayejua saa yake. Tadalafil hufika hadi saa 36. Haimaanishi kusimama saa 36, la hasha. Maana yake ni kwamba mlango uko wazi muda wote huo kama hamu ikija. Kwa mwanamume anayefanya kazi Unguja na kushuka boti Mkoani mwisho wa wiki, akiwa amechoka na bahari, mimi naona tadalafil ina utu zaidi: haimlazimishi mtu kutazama saa. Lakini asiye na hakika na moyo wake namwona salama zaidi na ile inayotoka mwilini mapema.

Mwenye wake wawili ananiuliza kila mara, kwa kicheko, kama zamu ya kila nyumba ina kidonge chake. Haina. Mwili ni mmoja na saa 24 ni zile zile.

Hatua ya 4: nunua panapojulikana

Hizi ni dawa za cheti. Nunua duka la dawa lililosajiliwa, lenye mtu wa kukujibu maswali. Angalia pakiti: jina la dawa, miligramu, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kumalizika, kiwanda na nchi, karatasi ya maelezo ndani. Maandishi yaliyokosewa, karatasi ya bati iliyochanika, vidonge vilivyomwagwa kwenye kijibahasha bila jina, hivyo usivitie mdomoni. Ukishuku, peleka taarifa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Hawatakuuliza ulitaka kumfanyia nani.

Usinunue kwa mtu wa kituo cha daladala, wala kwa namba ya simu inayokuletea mzigo kwa bodaboda usiku, wala jeli za vifuko ambazo hujui zimekaa wapi kabla ya kukufikia. Na vile vidonge viwili-ndani-ya-kimoja, vyenye sildenafil pamoja na dapoxetine ya kuchelewesha kumaliza, si vya kujinunulia kamwe. Dapoxetine peke yake inaweza kumzimisha mtu.

Sasa dawa za kienyeji, maana najua utaniuliza. Na supu ya pweza sina ugomvi. Kunywa, ni chakula kizuri. Tangawizi, tende, habasoda, karafuu kwenye chai, vyote kwa kiasi cha jikoni havina neno. Ninachokiogopa ni unga usio na jina, "vumbi la Kongo", na makopo ya asali ya wanaume yenye picha ya simba. Mwaka 2022 shirika la chakula na dawa la Marekani, FDA, lilizionya kampuni 4 zilizokuwa zikiuza bidhaa za asali ambazo ndani yake zilikutwa na sildenafil au tadalafil, bila kuandikwa popote. Fikiria yule ami wa kitambaa. Sildenafil nimemnyima mimi, akatoka akaenda kulamba kijiko cha "asali asilia", akijua kwamba asali haina madhara. Dawa ya miti shamba inayofanya kazi ndani ya dakika 40 na kukuziba pua, ijue hiyo si miti tu.

Hatua ya 5: siku ya kwanza

Chagua siku isiyo na haraka wala safari, mkiwa nyumbani, na hujachoka. Watu huweka majaribio yao usiku wa harusi au siku ya kurudi safari ya miezi 6, siku ambazo hata mzima hushindwa.

Sildenafil imeze kwa maji saa moja kabla. Ukiwa na tumbo jepesi hufanya kazi upesi. Ukiimeza juu ya biriani au muhogo wa nazi, mafuta huichelewesha kwa kama saa moja na kuipunguza makali. Kama mmekula chakula kizito saa 2 usiku, basi iache hadi saa 4 hivi. Tadalafil haijali chakula. Ipe saa moja au mbili tu.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji hesabu yake. Mwili uliofunga kutwa una maji machache na presha imeshuka, na kumeza dawa ya kushusha presha papo hapo juu ya futari ni kujialika kizunguzungu. Fungua kwa maji na tende, kula kidogo, nenda kasali isha na tarawehe, kunywa maji tena, kisha ndiyo umeze. Viazi vya nazi na vipopoo vya kutosha vinaweza kusubiri daku. Mwenye sukari anayefunga apange na daktari wake kabla ya mwandamo, kwa dawa zake zote kwa jumla.

Pombe huongeza kuporomoka kwa presha na huua nguvu zenyewe. Mirungi huupigisha moyo mbio. Usiichanganye na hizi.

Ukiinuka kitandani, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla hujasimama, hasa umeme ukiwa umekatika. Usiendeshe chombo kama kichwa ni chepesi.

Kama mara ya kwanza haikuleta kitu, usiongeze kidonge usiku ule ule. Wengi wanaosema "imenikataa" walimeza kwa shibe, au walikaa kusubiri muujiza bila kumgusa mwenzao. Ijaribu kwa utaratibu mzuri mara 6 hadi 8, kila mara kwa siku yake, kabla ya kurudi kwa daktari kusema haifai. Akiona hivyo atabadilisha dozi, au dawa, au atatafuta tatizo lililojificha. Zipo tiba nyingine pia, hadi pampu na sindano.

Hatua ya 6: lipi la kawaida, lipi la kukimbilia hospitali

Kichwa kuuma, uso kuwa na joto, pua kuziba, kiungulia, hayo ni ya kawaida na hupita. Paracetamol inatosha kwa kichwa. Sildenafil inaweza kukufanya uone vitu vina ubuluu kwa muda. Tadalafil huleta maumivu ya mgongo na misuli, mara nyingi kesho yake, mtu akadhani amelala vibaya.

Ya kukimbilia hospitali ni haya.

Kifua kikibana, katikati ya tendo au baadaye: acha, kaa chini, usiweke kitu chini ya ulimi, hata jirani mwenye nia njema akikupa chake. Nenda hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe jina la dawa na saa uliyomeza.

Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, nenda hata kama hauumi sana. Damu iliyokaa humo haina hewa, na nyama huanza kufa. Madaktari huitoa damu hiyo kwa sindano na dawa, na ukiwahi unapona. Anayesubiri alfajiri kwa aibu anaweza kupoteza kabisa kile alichokuwa akikitafutia dawa. Usipoteze saa kwa barafu wala dua ya mtu wa mtaani. Dua isomwe ndani ya gari.

Jicho likipoteza nuru ghafla, sikio likiziba ghafla, au ukizimia: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiitumie tena mpaka uambiwe.

Unayekaa Kojani, Fundo au Makoongwe, usiku bahari iko katikati yako na hospitali. Jua mapema ni chombo cha nani kitakachokuvusha, na uwe na namba yake.

Hatua ya 7: mwambie mkeo

Kwa usalama tu, sababu ni hii: ukizimia, yeye ndiye atakayeulizwa na daktari. Mke asiyejua atasema "anatumia ya presha tu", na daktari, akimwona mtu mwenye maumivu ya kifua, anaweza kumpa nitrati kwa nia ya kumwokoa. Anatakiwa ajue mambo matatu: jina la dawa, miligramu, na saa uliyomeza. Mwoneshe pakiti na mahali unapoiweka. Kama anakuwa mzito kutamka mbele ya watu, andika kwenye karatasi, ikae kwenye pochi yako pamoja na kitambulisho.

Najua wanaume wanaohofia kudharauliwa. Kwa ninayoyasikia kwa kina mama wanaokuja dukani, wengi walikuwa wameshafasiri kimya cha mume kwa njia mbaya zaidi: kwamba amewachoka, au ana mwingine mjini. Huhitaji hotuba. "Nimekwenda spitali, nimeandikiwa dawa, na daktari kasema ujue" inatosha kwa kuanzia.

Neno moja kwa vijana wa miaka 20 na kitu wanaomeza ili kujionesha. Mwenye afya haongezewi chochote cha maana, ila huzoea kuamini kwamba bila kidonge hawezi. Baada ya muda kweli hawezi, na hapo ni kichwa kinachomgomea.

Kuhifadhi na kurudi

Viache kwenye karatasi yake ya bati mpaka siku ya kutumia. Joto la kaskazi na unyevu wa hewa yetu huviharibu. Visizidi nyuzi 30, kwa hiyo si kwenye dashibodi ya gari wala chooni. Weka mbali na watoto. Usimgawie rafiki hata kimoja, maana hujui kitambaa chake kina nini ndani.

Rudi kwa daktari baada ya mwezi mmoja hivi, kisha kila baada ya miezi 6, au mapema zaidi ukianzishiwa dawa yoyote mpya. Ukija dukani kwa mara ya pili usinioneshe pakiti tupu peke yake. Nitakuuliza presha yako ya mwisho ilikuwa ngapi, na kama hukumbuki, mashine ya kupimia iko hapo hapo juu ya meza.